Nisomee, Mwanangu

Mzee huyu nilimjua kwanza kwa simu. Wakati huo nilikuwa karani wa maktaba ya mtaa, Barking, na kompyuta yetu ya kuazimisha vitabu ilikuwa na tabia moja mbaya. Mtu akirudisha vitabu vitatu kwa pamoja, inapokea viwili, cha tatu inaendelea kumwandikia kuwa anacho. Wasomaji wakija juu wananijia mimi. Siku moja nikachoka. Nikapiga simu kwenye kampuni iliyotengeneza programu ile, nikamweleza mtu aliyepokea jambo zima, hatua kwa hatua, mpaka na vitufe ninavyobonyeza. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka, "Mwanangu, wewe ni wa Unguja au Pemba?"

Nikamwambia Unguja. Alikuwa ameinusa pwani ndani ya Kiingereza changu. Yeye mwenyewe ni Mhindi, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuja London na miaka ishirini na kitu, akaoa huku, na kufanya kazi ya kompyuta tangu zama ambazo kompyuta moja ilijaza chumba. Akaniambia kosa lile nimelieleza vizuri kuliko wahandisi wao, na kwamba kampuni inatafuta mtu wa kuzijaribu programu kabla hazijatoka. Niliomba kazi ile, nikaipata. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, na sikujua hata mstari mmoja wa msimbo, yaani yale maandishi tunayoiandikia kompyuta ili ifanye tunalotaka.

Aliyenifundisha ni yeye. Kila siku, chai ya saa nne ikishanywewa, alisogeza kiti chake karibu na changu, akaegemea nyuma, akasema, "Haya, soma." Nami namsomea msimbo kwa sauti, kwa Kiswahili. Si kwamba nilitafsiri neno kwa neno, nilimsimulia. Hapa tunauliza kama mwanachama ana kitabu kilichochelewa. Ikiwa anacho, tunaingia ndani. Ndani mna mambo mawili. La kwanza, tunamwandikia barua. La pili, tunamzuia asiazime kingine. Tunatoka. Alisema msimbo usiosimulika una kasoro mahali, hata kama kompyuta imeukubali. Na kweli, nilipokwama kusimulia, mara nyingi ndipo kosa lilipokuwa limejificha. Wenzetu ofisini walituzoea. Walisema kona yetu ina redio.

Tukaenda hivyo miaka sita. Hata niliposhaijua kazi na kuanza kuwafundisha wengine, mazoea yale hatukuyaacha. Kusema kweli yalizidi. Kuna wakati akawa ananiita mara tatu, mara nne kwa siku: njoo unisomee hiki, njoo unisomee kile. Nilidhani ni upweke. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe wa pekee yuko Kanada, na nyumbani kwake Tooting hakuna wa kuzungumza naye ila televisheni. Nikajiambia Kiswahili ndiyo starehe yake. Na mimi nina watoto wanaonijibu kwa Kiingereza hata nikiwauliza wamekula nini, kwa hiyo starehe ile ilikuwa yangu pia. Sikuuliza zaidi.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, kampuni ilipata nafasi mbili kwenye mkutano mkubwa wa watengenezaji programu, unaofanyika mashariki ya London, kule kwenye bandari za zamani. Mada kuu ilikuwa zana za kazi yetu. Seremala ana randa na msumeno. Sisi tuna programu za kuandikia msimbo, za kusakia makosa, na za kulinganishia kazi ya jana na ya leo. Kila mwaka hutoka matoleo mapya, na kila mwaka watu hugombana kama mapya yamezidi ya zamani au yameharibu. Meneja alimpa mzee nafasi ya kwanza kwa ukongwe wake, akamwambia achague wa kwenda naye. Akanichagua mimi mbele ya vijana wenye shahada.

Tulipatana tukutane kituo cha Stratford. Alichelewa, jambo ambalo si lake. Nilipomwona alikuwa amesimama kwenye jukwaa ambalo silo, kavaa suti ya kijivu na sweta la kufuma ndani yake, ametazama ukuta. Nikamwendea, nikamsalimu. Akageuka haraka, akacheka, akalaumu vibao vya siku hizi, kwamba wameviandika kwa herufi za siafu. Kwenye ngazi za umeme akanishika mkono juu ya kiwiko. Nilifurahi. Baba yangu alikuwa akinishika vivyo hivyo tukivuka barabara kule kwetu Darajani, Unguja, nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuona haya kushikwa kiganja.

Mlangoni walitupa beji za kuvaa shingoni na karatasi ya ratiba. Ya kwake akanikabidhi papo hapo, akasema nimtunzie. Tukaketi kwenye ukumbi wenye viti vingi kuliko jumba la sinema. Mbele pale palikuwa na skrini pana kama ukuta wa nyumba, na msemaji mmoja alikuwa akionyesha toleo jipya la programu ya kuandikia msimbo. Anaandika nusu ya sentensi, mashine inammalizia. Anakosea, mashine inampigia mstari mwekundu na kumpendekezea dawa. Watu wakapiga makofi. Mzee akaniinamia sikioni.

"Hawa wapiga makofi kwa nini?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Akatikisa kichwa, akataka kujua mashine imependekeza nini hasa, nikamsomea. Baada ya dakika mbili akaniuliza tena. Asubuhi nzima tukawa hivyo, na watu wa safu ya mbele wakageuka mara mbili tatu kutuangalia, mimi nikiwaombea radhi kwa macho.

Chakula cha mchana alikuja nacho mwenyewe, kwa sababu hali nyama na hawaamini wapishi wa mikutano. Alifungua kopo la chuma la ghorofa tatu: chapati za majani ya uwatu, mbatata za bizari, na achari ya ndimu aliyoitengeneza mkewe kabla hajafa, ambayo alikuwa akiila kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo, ili isiishe. Siku ile alinipa kijiko kizima. Nilikataa, akanitilia kwenye chapati kwa nguvu. Kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa, na chai ikapita pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka kwenye suti yake. Nikaipangusa kwa leso yangu. Akasema mikono ya uzee haina adabu, nami nikaamini.

Mchana tuliingia kwenye kikao kidogo. Chumba cha watu kama ishirini, viti vimepangwa duara. Aliyekiongoza ni mama mmoja wa Kiskoti, nywele zake za mvi kazikata fupi, mkuu wa timu inayotengeneza moja ya zana tunazotumia kila siku. Alisema hakuja kutuuzia kitu. Amekuja kusikia tunachokichukia. Watu wakacheka, wakafunguka. Mmoja akalalamikia uzito, kwamba programu inakula kumbukumbu yote ya kompyuta. Mwingine akasema mapendekezo ya mashine yanamkatiza kama mtu anayekumalizia maneno mdomoni. Mwingine akataka vitufe virudi pale vilipokuwa zamani.

Yule mama akaiwasha skrini. Palikuwa na ukurasa wa msimbo wa mfano, wa kuuza viti vya ukumbi wa maonyesho, uliofanyiwa mabadiliko. Zana zetu huonyesha mabadiliko kwa rangi: kilichofutwa chekundu, kilichoongezwa kijani. Alitaka kujua jicho la mtu huangukia wapi kwanza. Akamwuliza mtu huyu, akamwuliza yule, kisha akamgeukia mzee, labda kwa kuwa ndiye mkubwa wetu sote mle ndani, akamwomba aseme anaona nini.

Mzee aligeuza uso kando, kisha upande wa pili. Nilidhani anafikiri. Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Ndipo akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelegea namna ambayo sijapata kuiona, kama mtu aliyeweka mzigo chini kwa sababu mikono imeshindwa.

"Nisomee, mwanangu," akasema.

Nikasoma. Sikufikiri nipo wapi. Nilisoma kama tusomavyo ofisini, kwa Kiswahili, katika duara la wageni. "Tunapita kiti kimoja kimoja. Tunaingia ndani. Ndani mna mawili. La kwanza, tunakiandika jina la mnunuzi. La pili, tunauliza kama kiti ni kitupu. Kikiwa kitupu, tunaingia tena, tunampa tiketi. Tunatoka. Tunatoka."

"Rudia la kwanza na la pili."

"Tunakiandika jina. Kisha tunauliza kama ni kitupu."

"Sasa kitakuwaje kitupu, nawe ushakiandika jina?"

Akamwambia yule mama kwa Kiingereza kwamba kwenye mfano wake hakuna atakayepata tiketi hata siku moja, maana swali limewekwa baada ya jibu. Yule mama akaikodolea skrini macho, akafunika mdomo, akacheka mpaka mabega yakamtikisika. Chumba kizima kikacheka naye. Alisema ameuonyesha mfano ule kwenye miji kadhaa na hakuna aliyeliona kosa. Kisha, bado akitabasamu, akauliza ile ni lugha gani, na kwa nini nimemsomea.

Mzee akajibu kwa Kiingereza cha taratibu. Alisema ile ni lugha ya nyumbani kwao. Akasema macho yake yameharibika katikati. Pembeni anaona, lakini popote anapotazama moja kwa moja pana kiwingu, na kiwingu kinakua. Amekuwa hivyo kwa miaka miwili. Hajamwambia mtu kazini. Anafanya kazi kwa sababu huyu binti anamsomea, na binti mwenyewe hajui.

Ndivyo nilivyolipata jambo lile, pamoja na watu ishirini nisiowajua.

Sikumbuki nini kilisemwa baada ya hapo. Nakumbuka nilisimama, nikasema nakwenda kusali, na kweli wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Palikuwa na chumba cha utulivu mwisho wa ukumbi, zulia la kijivu na dirisha linalotazama maji ya bandari. Nilisali, kisha nikabaki nimekaa chini. Vitu vikanijia kimoja kimoja bila kuitwa. Namna anavyokutazama kwa upande, ambayo nilidhani ni heshima ya mtu wa zamani. Kituo cha Stratford. Ratiba aliyonikabidhi. Chai. Miaka miwili nilikuwa nimekaa karibu na mtu anayeingia gizani, nikamdhania anatafuta mazungumzo.

Na chini ya aibu ile palikuwa na kingine, ambacho naona haya kukiandika. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimejivunia kwamba ananichagua mimi. Sasa nikajiuliza kama nilikuwa mwanafunzi wake au miwani yake.

Niliporudi, kikao kilikuwa kimekwisha na watu wametawanyika. Mzee na yule mama wa Kiskoti walikuwa wameketi kwenye viti vya korido, wanaongea kama jamaa. Yule mama akanyanyuka, akanipisha kiti, akavuta kingine. Aliniomba nisikasirike akiniuliza maswali. Alieleza kwamba programu za kuwasomea wasioona zipo, lakini kwenye msimbo husoma kila kitu kwa mpangilio kilivyoandikwa: mabano, nukta, mabano, mkato, mabano. Msikilizaji anazama kwenye alama kabla hajapata maana. Mimi, alisema, sikusoma hata alama moja. Nilianza na umbo: tunaingia, ndani mna mawili. Hiyo nilijifunza wapi?

Nikamwonyesha mzee kwa kidole, kisha nikakumbuka kwamba kidole chenyewe hakioni, nikasema, "Kwake."

Akafungua kompyuta yake, akanipa kurasa nyingine za msimbo, akaniomba nisome, yeye akiandika kwenye daftari. Hakuelewa neno hata moja la Kiswahili, lakini alisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Baada ya ukurasa wa tatu akanisimamisha.

"Kila ukiingia ndani, sauti yako inashuka," akasema. "Ukitoka, inapanda. Ulikuwa unajua?"

Sikujua. Mzee alijua. Alikuwa anatabasamu, uso ameuelekeza dirishani ili anione. Alisema hivyo ndivyo anavyojua yuko wapi, hata nikisahau kusema kwamba tumetoka.

Tulitoka pale jua bado lipo juu, ile jioni ndefu ya huku isiyotaka kuisha. Kituoni tukakaa kwenye benchi. Treni ndogo isiyo na dereva ikaja, ikaondoka, hatukuipanda. Ikaja ya pili.

"Tangu lini hasa?" nikamwuliza.

"Mwaka ule wa msiba. Mwanzo nalidhani ni machozi."

Nikalitoa lililokuwa rohoni, kwa sababu nililiona litaoza likibaki. "Mzee wangu, miaka hii ulikuwa ukinifundisha, au ulikuwa ukinitumia?"

Hakukasirika. Alisema kwamba siku za mwanzo alinitaka nisome kwa ajili yangu, ili niache kuiogopa kompyuta. Macho yalipoanza kumtoka, alikuta mimi tayari ninasoma. "Sikukuomba," akasema. "Nalikuta mlango u wazi, nikapita. Makosa yangu ni kuwa sikubisha hodi."

Alieleza aliogopa nini. Aliogopa kuambiwa apumzike. Nyumba yake ina vyumba vinne na saa moja ya ukutani, na siku za mwisho wa wiki huisikia ile saa tangu alfajiri. Kazini angalau kuna mtu anayemwita "mzee wangu". Tangu mkewe aondoke, alisema, nyumbani hakuna tena anayemwamkia kwa lugha aliyokulia.

Nikamshika mkono. Kwetu mwanamke kumshika mkono mzee asiye maharimu wake si jambo la kawaida, lakini niliushika, na hasira zangu zikaniishia palepale, kwa urahisi hata nikajishangaa. Nikamwambia Jumatatu tutaingia pamoja kwa meneja, na baada ya hapo pamoja hospitali. Akataka kunibishia. Nikamwambia amenifundisha kwamba kasoro isiposemwa hairekebishwi, basi na hii tutaisema. Treni ya tatu tukaipanda.

Jumatatu tuliingia. Meneja wetu, mwanamke wa rika langu, alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema kitu kimoja tu mwanzo: kwamba anasikitika alifanya kazi naye bila kuona. Nikajua si mimi peke yangu. Sheria ya huku inamtaka mwajiri ampangie upya kazi mtu mwenye ulemavu, na alitimiza: skrini kubwa, taa ya mezani, siku tatu kwa wiki badala ya tano. Hospitali, daktari alituambia kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki, pembeni, huenda kikabaki. Mzee akaniuliza kwa Kiswahili daktari anaonekanaje. Nikamwambia ana masharubu yasiyolingana. Alicheka, na daktari akataka kujua tunacheka nini.

Yule mama wa Kiskoti hakutusahau. Baada ya wiki tatu alituletea toleo la kwanza la majaribio la programu ya kusoma msimbo kama nilivyomsomea mzee, kisha mengine kila baada ya muda. Tulikuwa na simu naye mara mbili kwa mwezi. La kwanza lilikuwa baya. Sauti ilisoma kama mtangazaji wa treni zilizochelewa, na mzee alilitukana kwa Kiswahili kirefu ambacho kwenye ripoti niliandika tu kwamba kasi inahitaji kuongezwa. La pili lilianza na umbo, kama tulivyotaka, lakini lilihesabu vibaya: linasema ndani mna matatu, kumbe mna manne. Tukarudisha. Yalikuwa mabishano matamu. Kuna siku tulitumia saa nzima kubishana kama mtu anayetoka hatua mbili kwa mpigo atangaziwe mara moja au mara mbili. Mzee alisema mara mbili, kwa sababu mtu anayepanda ngazi gizani anataka kuhesabu kila kidato.

Toleo lenyewe lilitoka kwa wote majira ya baridi. Bonyeza kitufe kimoja, linakwambia umbo, bonyeza kingine, unaingia, kingine, unatoka, na sauti inashuka na kupanda. Siku lilipotoka mzee alivaa visikizio, akafanya kazi kuanzia saa tatu mpaka mchana bila kumwita mtu. Aliondoa makosa mawili yaliyotukalia wiki nzima. Ofisi ilimpigia makofi. Nami nilipiga, nikiwa na furaha ya kweli, lakini nilipokaa na chai yangu ya saa nne niliona mikono yangu haina kazi. Nilifungua msimbo wangu, nikautazama bila kuusoma kwa sauti. Mtu anaweza kumwombea mwenzake asimhitaji tena, na dua ikikubaliwa akashindwa kumeza chai.

Sijui kama alinisikia nikivuta pumzi. Alivua visikizio, akasogeza kiti chake kwa kukipapasa, akaniuliza binti yangu amefaulu ule mtihani wake wa udereva au bado. Sikuwa nimezoea kuulizwa na yeye mambo ya nyumbani. Sikuzote tulizungumza msimbo. Nikamwambia amefeli mara ya pili, amegonga ukingo wa barabara. Akataka kisa chote. Nikamsimulia.

Alistaafu mwezi wa tatu mwaka huu, kwa hiari yake, na keki. Mimi nimebaki kwenye kampuni, na timu ya yule mama imeniomba niwe nikiwajaribia zana zao siku moja kwa wiki, kazi ambayo sikujua kama ipo duniani.

Jumamosi zangu nyingi sasa ni Tooting. Navuka London nzima, saa moja na nusu, napiga kengele, naye anafungua ameshavaa koti. Tunakwenda sokoni. Kwenye duka la mboga haruhusu nimchagulie bamia. Anaziokota moja moja, anazivunja ncha kwa dole gumba. Ikilia kak anaitia kwenye mfuko, ikipinda imekomaa, anairudisha. Mwenye duka, Mgujarati aliyezaliwa Kampala, humwambia kila wiki kwamba atamaliza ncha zote za duka, naye humjibu kwa Kiswahili, wanaanza kucheka, foleni inarefuka nyuma yetu.

Juzi alinipa bamia moja mkononi, akaniambia nivunje mwenyewe. Ikapinda. "Hiyo mrudishie," akasema, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye nyingine.